Picha Zilizofika Gongoni

Kabla ya habari ya tableti, ukitaja mpambaji pale Mambrui hukuhitaji kutaja jina. Watu walijua unamsema Bi. Shekha. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hina yake ilikolea, na piko yake, ile rangi nyeusi ya kuchorea, haikuwahi kumwasha mtu ngozi. Lakini si mkono uliomfanya aitwe mpaka Malindi, kwa maana wenye mikono walikuwa wengi. Bi. Shekha alikuwa na kifua. Mpambaji huingia chumbani na bibi harusi mlango ukafungwa, akaona yasiyoonwa na shangazi wala mama: kovu la mgongoni, nywele zilizopungua, machozi ya msichana anayeolewa huku moyo wake uko kwingine. Bi. Shekha aliyaona yote hayo, akayameza, akarudi kwake na kikapu chake cha hina. Hakuna siku neno la chumbani lilisikika barazani likasemwa limetoka kwake. Alijivunia jambo hilo kuliko maua aliyochora, na haki alikuwa nayo.

Ndiyo maana lililompata linauma kulisimulia.

Tableti aliitaka kwa sababu ya maharusi wenyewe. Wasichana wa siku hizi hawataki kuchorwa kilichomo kichwani mwa mtu mzima. Wanataka waone kwanza. Huyu anataka maua ya Kihindi, yule anataka ya Khaliji, mwingine anataka tawi moja tu kutoka kidoleni hadi kifundoni, na ukimwuliza tawi la namna gani anakwambia, "Bi. Shekha, kwani hujaliona mtandaoni?" Simu yake ilikuwa na kioo kidogo, na bibi harusi na dada zake hawawezi kukiinamia pamoja bila kugongana vichwa. Basi akaenda Malindi dukani kwa Paresh, akanunua tableti iliyokwisha kutumika. Watangazaji wa redio huiita kishikwambi, ila ukimwuliza Paresh kishikwambi pengine atakuelekeza duka la vyombo.

"Hii haina pahali pa kutia laini, mama," Paresh alimwambia. "Itakula kwa simu yako. Utawasha hotspoti kwenye simu, na hii itavuta yenyewe."

Aliyemtengenezea ni Seif, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi ya chumvi Gongoni na kurudi nyumbani kila Ijumaa. Tableti ilidai akaunti. Mama hakuwa nayo, basi Seif akaingiza yake, ile ile aliyokuwa akiitumia kwenye simu yake. Akamfundisha mama mahali pa kugusa ili hotspoti iwake, na mahali pa kugusa ili izimike. Mengine hakumweleza, kwa kuwa hata yeye hakuyafikiria.

Bi. Shekha alijifunza upesi, kisha, tuseme kweli, akaringa nayo kidogo. Alipenda kutangaza mbele ya watu, "Ngojeni niwashe hotspoti," kwa sauti ya mtu anayetia stima mji mzima. Lakini hakuwa mzembe. Maua yakishachaguliwa alizima hapo hapo, kwa sababu bando huliwa haraka. Na picha alizopiga kwa tableti hiyo zilikuwa za mikono na miguu tu, za kuwaonyesha maharusi wengine.

Kuna jambo la kulijua kabla hatujafika kwenye harusi yenyewe. Mwaka uliotangulia Seif alitaka kumwoa Rufaida, binti wa Bi. Shukri. Posa ilipelekwa kwa adabu na ikarudishwa kwa adabu: msichana bado anasoma. Haukupita muda mrefu masomo yakaisha ghafla, Rufaida akachumbiwa na kijana wa Malindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mambrui si mji wa kuficha mambo kama hayo. Seif alikonda. Mamake alijikaza kisabuni, akaendelea kumsalimu Bi. Shukri njiani kana kwamba hakuna kilichopita.

Siku Bi. Shukri alipobisha hodi mwenyewe na kumwomba ampambe Rufaida, Bi. Shekha alielewa kwamba anaombwa zaidi ya hina. "Nimekuja kwako kwa sababu simwamini mwingine," Bi. Shukri alisema. Wote wawili walijua maneno hayo yamebeba nini. Walilia kidogo, wakanywa kahawa, wakapanga habari za singo ya kumsugulia mwili na asumini za nywele.

Siku ya kupamba ni siku ya wanawake. Mabuibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, na nguo zilizokaa sandukuni mwaka mzima hutoka zikapata kuonekana. Kwa hivyo simu haziingii. Mlangoni walikaa shangazi za Rufaida na kapu, na kila mgeni alitia simu yake humo kabla hajapita. Walikuwako mke wa imamu, wageni wa kutoka Mombasa, na wakweze bibi harusi wenyewe, hakuna aliyesamehewa. Aliyepita na simu yake mkobani na tableti yake kwapani ni Bi. Shekha peke yake. Shangazi mmoja alitaka kumzuia, Bi. Shukri akamwambia, "Huyo mwache. Huyo ni wa ndani."

Asubuhi hiyo Rufaida alikuwa amekwisha kuchagua maua yake, lakini kabla ya adhuhuri moyo ukamgeuka, akataka mengine ya kifundoni. Bi. Shekha akawasha hotspoti, wakachagua, akaanza kuchora. Mikono yake ilikuwa imejaa hina na simu iko ndani ya mkoba, basi akasema ataizima akishanawa. Alipokuwa akinawa akaitwa upesi, asumini za kichwani zinataka kufungwa na bibi harusi analilia kope za kubandika. Hotspoti akaisahau.

Alasiri, Rufaida alipokwisha kukalishwa mbele ya watu, Bi. Shukri alimwinamia sikioni.

"Mwenzangu, nipigie mwanangu picha. Za kumbukumbu yake tu. Siku ya kuja kuangalia hina ilivyokolea utamtilia kwenye simu yake, kisha uzifute kwako."

Bi. Shekha akapiga. Alimpiga Rufaida ameinamisha macho, nywele zimemwagika mabegani na asumini juu yake. Shangazi nao wakataka, na mke wa imamu akataka, na mwisho akampiga Bi. Shukri mwenyewe akicheza, leso imefungwa kiunoni, anacheka mdomo wazi. Ilikuwa furaha kubwa, na Bi. Shekha alikuwa ndani yake. Hakujua kwamba tableti ikivuta kwa hotspoti hujiona iko kwenye nyumba yenye mtandao wa bure, haina habari ya bando la mtu, na huanza kupeleka kila picha kwenye akaunti iliyomo. Akaunti ilikuwa ya Seif.

Aliporudi kwake aliikuta simu ina joto mkobani na bando alilonunua asubuhi limekwisha. Akaona ajabu, akasema pengine alinunua dogo, akalala kwa uchovu.

Seif alimpigia simu asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Mama, kwa nini umenitumia picha za Rufaida?"

"Picha gani?"

"Za jana. Zimejaa kwenye simu yangu. Nilifungua nikidhani ni zangu, nikaona mbili tatu kabla sijaelewa. Yuko kichwa wazi, mama. Na mamake yumo, anacheza." "Ulitaka nione nilichokikosa?"

Bi. Shekha aliona haya kwa picha, ndiyo, haya iliyomshika kuanzia kichwani hadi nyayoni. Lakini lililomkata zaidi ni swali. Mwanawe aliyemzaa, anayemjua hasira zake na huruma zake, alikuwa ameona inawezekana mamake afanye hivyo kwa kusudi. Ikiwa Seif alidhani hivyo, Mambrui itadhani nini? Alijijibu mwenyewe upesi: itasema Bi. Shekha alingoja mwaka mzima akalipiza posa iliyorudishwa, akaingia harusini na tableti kwapani ili kumvua nguo msichana wa watu.

Alimweleza mwanawe kwa maneno yaliyogongana. Habari ya hotspoti, ya hina mikononi, ya bando lililokwisha. Seif alielewa hata kabla hajamaliza, maana yeye ndiye aliyeiweka ile akaunti, na akaanza kujilaumu yeye.

"Zifute," mama alimwambia.

"Nimekwisha kuzifuta. Lakini, mama, yafaa waambiwe. Yule sasa ni mke wa mtu, nami nimemwona."

"Nani wa kuambiwa? Wewe nyamaza. Hakuna ajuaye ila mimi na wewe, na Mungu ni mwenye kusitiri."

Kusahau hotspoti ni kosa la kidole, linaweza kumpata yeyote. Hili la kunyamaza lilikuwa lake kabisa, na alilifanya akiwa na akili zake timamu.

Si kwamba hakujaribu. Siku ya kuja kuangalia hina alikwenda kwa Bi. Shukri amepiga moyo konde kwamba atasema. Njiani aliyapanga maneno: mwenzangu, kuna jambo limetokea, silo la kukusudia. Akakuta ukumbi umejaa wageni, masinia ya halwa yanazunguka, na Bi. Shukri akamshika mkono akamsimamisha katikati.

"Huyu hapa ndiye niliyemwachia simu yake," aliwaambia wageni. "Kama si huyu, mwanangu asingekuwa na hata picha moja ya siku yake. Na nani mwingine angeaminiwa?"

Wanawake walimwitikia, mmoja akampa kiti. Alikaa karibu na Rufaida, akamtilia picha kwenye simu yake, akazifuta kwenye tableti mbele ya macho yake akikosea mahali pa kugusa mara mbili. "Umechoka, Bi. Shekha," Rufaida alisema kwa upole, akamsukumia kisahani cha halwa. Alikula ile halwa. Alirudi kwake akatamani ardhi ipasuke immeze.

Ijumaa Seif alikuja. Alichelewa kurudi kutoka msikitini, na aliporudi alikula bila kumtazama mamake usoni. Bi. Shekha hakumwuliza kitu, kwa kuogopa kuulizwa yeye.

Wiki iliyofuata alikuja mama mmoja kutoka Sabaki kumwekea siku ya harusi ya binti yake. Bi. Shekha alimkaribisha, akamwekea chai, na alipofungua mdomo ili wapange siku, akajisikia anasema, "Mwanangu, mimi siwezi tena. Macho yameharibika. Sioni vizuri." Hata yeye mwenyewe alishangaa yametoka wapi. Aliona tu hawezi kuingia tena chumba cha bibi harusi mlango ukafungwa nyuma yake, akaaminiwa. Na sababu ya kweli haikuwa ya kusemeka, basi ikatoka hiyo.

Tableti akaitia sandukuni chini ya nguo.

Uongo wa ugonjwa una kazi nyingi, na yeye hakuwa ameuzoea. Ilimbidi awaulize watu "nani huyo?" na amekwisha kuwatambua tangu wako mwisho wa uchochoro. Ilimbidi apapase ukuta akienda dukani. Alimwomba jirani amtungie uzi kwenye sindano, naye macho yake yalikuwa yakiliona tundu la sindano waziwazi, na uzi wa jirani ukikosa na kukosa, akajizuia asimnyang'anye. Angekuwa mtu mwingine anafanya hivyo Bi. Shekha angecheka. Lakini ni yeye, na kila siku ilikuwa inambana zaidi.

Maana watu walimhurumia. Hilo hakulipiga hesabu. Maharusi aliowapamba zamani, sasa wana watoto, walimletea supu na maji ya zamzam ya kuoshea uso. Mke wa imamu alimsomea dua kichwani, ameushika uso wake kwa viganja viwili. Rufaida mwenyewe alitoka Malindi kuja kumwona, "Shikamoo, Bi. Shekha, ni mimi Rufaida," akisema jina lake taratibu ili mgonjwa asihangaike kumjua. Alimfagilia uani. Bi. Shekha alikaa kitini amemgeuzia uso pembeni, anamwona anavyoinama na kuinuka, na kila mpigo wa fagio aliusikia moyoni.

Aliyekuja mara nyingi kuliko wote ni Bi. Shukri. Siku moja alileta dawa ya kutona aliyoagiza kwa kaka yake Maskati. Akamlaza Bi. Shekha kichwa pajani, akamfunua ukope kwa kidole, akatona. Dawa iliwasha. Macho mazima yalimwaga machozi, na Bi. Shukri akayafuta kwa pindo la leso yake, jicho moja kisha la pili, bila haraka.

"Mwenzangu," alimwuliza kichwa kikiwa bado pajani, "una lolote la kuniambia?"

Hakuna mahali pazuri zaidi pangepatikana pa kusemea. Hapakuwa na wageni, mlango ulikuwa umefungwa, na mkono wa mwenzake ulikuwa kwenye paji la uso wake. Akafumba macho.

"La," alisema. "Ni macho tu."

"Haya," Bi. Shukri akajibu, akafunika kichupa.

Miezi ilikwenda. Ikasikika kwamba Sahla, mdogo wake Rufaida, amepata mchumba, na Bi. Shekha akaanza kuogopa kila hodi. Asubuhi moja alikaa uani na uteo wa mchele mapajani, amesogea kwenye mwanga, anatoa vijiwe na chenga. Mchele ulikuwa mbaya, wa bei nafuu, na kazi ilimchukua akili. Kidole chake kilidona jiwe, kikalitupa, kikadona jingine. Hodi ya mlango wa mbele hakuisikia.

Alipoinua kichwa Bi. Shukri alikuwa amesimama mlangoni pa uani. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Bi. Shekha aliangalia uteo, akaangalia kirundo kidogo cha mawe kando ya mguu wake, akajua hakuna la kusema. Hata hivyo akajaribu.

"Leo yamepata nafuu kidogo," alisema.

Bi. Shukri alivuta kigoda akakaa. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana mtu aliyechoka.

"Seif alikuja nyumbani Ijumaa ile, baada ya sala," alisema. "Alimwambia babake Rufaida kila kitu. Habari ya akaunti yake, na ile hotspoti yako. Alisema kosa ni lake yeye aliyeiweka. Alilia, mtoto wa watu. Mkwe wetu naye tukamwambia. Alikasirika, kisha akapoa."

Bi. Shekha hakuweza kuinua uso. Siku zote hizo. Supu, dua, fagio la Rufaida, kichwa chake pajani. Walikuwa wanajua.

"Kwa nini hukunikabili?" aliuliza.

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Kila nilipokuja nilisema, leo atasema. Siku ya dawa nilikuuliza kwa mdomo wangu."

"Niliona haya, Shukri. Nilidhani mtasema nimekusudia, kwa sababu ya ile posa." Machozi yalimtoka, na safari hii hayakuwa ya dawa. "Nisamehe. Nisamehe kwa zile picha."

"Za picha nilikusamehe siku ile ile aliyokuja Seif," Bi. Shukri alisema. "Simu ni simu, na wewe sikukudhania hayo hata mara moja. Hili la macho ndilo limenishinda. Nilikuwa nikikuombea, Shekha. Ingawa nilikwisha kujua ya picha, nilidhani macho ni kweli, nikasema pengine ni huzuni imemshukia. Nilikuwa naamka kukuombea."

Kuku wa jirani aliingia, akaanza kudona chenga zilizoanguka, na hakuna aliyemfukuza.

"Sahla anaolewa mwezi ujao," Bi. Shukri alisema mwisho, akisimama. "Tumepata mpambaji wa Malindi. Wewe njoo ule biriani na watu."

"Nitakuja," Bi. Shekha alisema.

Bi. Shukri alitengeneza buibui lake, akatoka kwa mlango wa mbele, akaurudisha taratibu. Bi. Shekha alibaki na uteo mapajani. Aliinama tena juu ya mchele, kwa kuwa hakujua la kufanya jingine, na macho yake yaliona kila punje.